Daftari la Washirika

Ukizaliwa Garissa na jina lako ni Mutua, wewe ni Mkristo. Hakuna atakayekuuliza unaamini nini. Mwenye duka anajua, dereva wa tuktuk anajua, watoto wa mtaa wanajua, na wewe ulijua kabla hujajua kusoma. Ramadhani ikifika unakula mandazi yako ndani ya nyumba. Hujakatazwa, ila ni aibu kumtafunia mtu aliyefunga. Krismasi ikifika jirani anaulizia pilau. Dini kwetu haikuwa wazo. Ilikuwa kama urefu wa mtu, kitu kinachoonekana kabla hujafungua mdomo.

Naanzia hapo kwa sababu marafiki zangu wa Nairobi wakiongea kuhusu kuacha kanisa, wanaongea kama mtu anayejitoa kwenye grupu ya WhatsApp. Unabonyeza, unatoka, na hakuna anayegundua mpaka mwezi uishe. Kanisa lenye watu elfu mbili na skrini tatu halitajua kwamba leo hukuja. Kanisa letu la Garissa lilijua hata ukitoka kwenda choo.

Mimi nilitoka polepole. Nilikuja Nairobi kusoma mwaka 2013. Mwaka wa kwanza nilienda ibada kila Jumapili, mwaka wa pili mara mbili kwa mwezi, na kufikia 2018 nikawa mtu wa harusi na mazishi. Sikuwa na ugomvi na mchungaji yeyote. Sikusoma kitabu kikanigeuza. Siku moja watu walikuwa wakiomba, mimi nimefumba macho, nikagundua nasikiliza tu sauti ya feni, na kwamba nimekuwa nikisikiliza feni kwa muda mrefu sana. Hiyo ndiyo hadithi yote ya kuacha kwangu. Najua haitoshi hata kutengenezea podkasti.

Halafu Februari mwaka jana mzee wa kanisa akanipigia simu kutoka nyumbani.

"Bwana asifiwe," akaanza.

"Amina," nikajibu, mdomo ukitangulia kichwa.

"Kijana, tunasafisha daftari la washirika. Huko juu wanataka hesabu kamili. Tusipofikisha 40, mchungaji atagawanywa, awe anakuja kwetu kila Jumapili ya pili. Sasa wewe tukuandike wapi? Uko kanisa gani huko Nairobi?"

Nikamwomba anipe muda mpaka Pasaka, nitakuja mwenyewe. Akafurahi sana. Alidhani nakuja na barua ya utambulisho.

Ili uelewe kwa nini 40 ilinikaa kooni, lazima ujue benchi zilivyokuwa. Wakristo wa Garissa wengi ni watu wa kuja: walimu, wauguzi, polisi, makarani wa serikali, mafundi wa mjengo, akina mama wa mboga kutoka Mwingi na Meru. Ni mji wa joto kali kando ya Mto Tana, kama kilomita 370 kutoka Nairobi, na kule kwetu ukisafiri kuelekea huku watu husema umeenda "down Kenya", kama vile Garissa ni nchi nyingine iliyoko juu. Wakatoliki ndio wenye jengo kubwa na historia ndefu. Jimbo lao lililetwa na kulelewa na mapadri Wakapuchini, na limekuwa na maaskofu kutoka Malta. Sisi wengine tulikuwa na mabati, mawe na kipaza sauti kinachokoroma.

Baba alikuwa mwalimu aliyetumwa na serikali. Mama akamfuata na cherehani. Hadi leo anashona, na wateja wake karibu wote ni Waislamu: sare za shule, jilbabu za wasichana wa madrasa, madera ya harusi yenye kumetameta ambayo shanga zake nilikuwa nazikuta mpaka kwenye ugali. Kazi ya kanisa ilikuwa ya kujitolea. Mwaka 2011 alishona majoho 24 ya kwaya, zambarau yenye kola nyeupe. Nakumbuka idadi kwa sababu mimi ndiye niliyepiga pasi, makaa yakiniunguza vidole, na 24 hayakutosha. Sauti ya nne walivaa mashati meupe na kununa.

Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012, watu wenye bunduki na maguruneti walivamia makanisa mawili ya Garissa karibu wakati mmoja, kanisa la AIC na Kanisa Kuu la Katoliki. Waliouawa walizidi 15, karibu wote pale AIC. Kati yao walikuwemo polisi wawili waliokuwa langoni, na bunduki zao zikachukuliwa. Sisi tulikuwa ibadani kwetu. Tulisikia mlio, tukadhani ni tairi la lori, kisha mtu akaja mbio akiwa na kiatu kimoja.

Siku chache baadaye viongozi wa Waislamu wakatangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Watu wa nje huwa wanairuka sehemu hiyo wakisimulia habari za Garissa, sijui kwa nini, labda kwa sababu inaharibu hadithi. Lakini hata ukilindwa na nani, ukishaanza kupapaswa mlangoni kabla ya kumwabudu Mungu, kuna kitu kinabadilika. Akina mama wenye watoto wadogo walianza kubaki nyumbani. Halafu wakaanza kuomba uhamisho.

Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na abiria 28 wasio Waislamu wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu wanaokwenda nyumbani kwa likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 wakauawa Kormey, huko huko Mandera. Januari, shule zilipofunguliwa, walimu wa kutoka sehemu nyingine walikataa kurudi Kaskazini Mashariki. Wakaja Nairobi wakapiga kambi kwenye ofisi za TSC kudai uhamisho. Baba alikuwa mmoja wao. Alilala kwangu hosteli siku nne, kwenye kitanda changu cha futi tatu, mimi nikiwa chini, na hatukuongea chochote cha maana. Aliulizia tu kama nakula vizuri.

Akapata Kitui. Akaja kuchukua godoro, redio na Biblia yake ya Kikamba. Mama akabaki. Wateja wake wa miaka 20 wako Garissa, na Kitui hakuna anayengoja fundi mpya wa nguo. Tangu hapo wazazi wangu ni watu wa Pasaka, Agosti na Desemba, na sijawahi kusikia mmoja akimlaumu mwenzake, jambo ambalo wakati mwingine hunitia wasiwasi kuliko kama wangelaumiana.

Ndipo ikaja Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015. Chuo Kikuu cha Garissa. Alfajiri. Watu 148. Sitaisimulia, unaikumbuka, au umeisoma. Nitasema kitu kimoja tu cha kanisani. Wanafunzi wa chuo ndio waliokuwa wakijaza benchi za nyuma. Walikuja kwa miguu kundi zima, wakachelewa, wakaimba kwa sauti kubwa nyimbo ambazo wazee hawakuzijua, na sadaka yao ilikuwa sarafu tupu. Baada ya siku ile chuo kikafungwa. Wengi wa walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na kilipofunguliwa tena Januari 2016 waliorudi walikuwa wachache mno. Mama aliniambia kwenye simu kwamba benchi za nyuma wamezisukuma ukutani ili kanisa lisionekane tupu.

Na mwaka 2020, Januari, walimu watatu wakauawa Kamuthe, ndani ya kaunti ya Garissa, TSC ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji. Hapo ndipo kwaya ilikufa rasmi. Nisisahau kusema: waliobaki madarasani bila mwalimu wa hesabu walikuwa watoto wa Kisomali. Mtu akikuambia kwamba hayo mashambulizi yalikuwa vita kati ya dini mbili, muulize watoto hao walipata nini.

Kwa hiyo ninaposoma makala kuhusu makanisa ya Ulaya yanayogeuzwa kuwa mikahawa na nyumba za kupanga, najua ni jambo la kweli, lakini mpangilio wake si wetu. Kule imani iliondoka kwanza, watu wakafuata. Kwetu watu waliondoka kwa basi la saa mbili usiku, imani yao ikiwa kwenye begi. Baba sasa ni mzee wa kanisa Kitui na kwaya yao wana majoho mawili mawili. Hakuna aliyeacha chochote. Ni mimi tu niliyeacha, na mimi niliachia Nairobi, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kunitishia kwa sababu ya dini yangu.

Hilo limenisumbua zaidi ya ninavyopenda kukubali. Kwa sababu wale watu wa tarehe 2 Aprili waliwatenga Waislamu upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Hawakuuliza nani alisali jana, nani ana mashaka, nani anasikiliza feni. Ningekuwa pale, feni yangu isingenisaidia kitu. Jina langu lingetosha.

Lakini jina hilo hilo lina kazi nyingine. Ukitoka Garissa kuja Nairobi, ukishavuka daraja la Tana kuna vizuizi, na mnashuka wote na vitambulisho mkononi. Nimesafiri barabara hiyo mara zisizohesabika. Polisi huangalia changu sekunde mbili. Mutua, endelea. Nyuma yangu anasimama kijana niliyesoma naye tangu darasa la kwanza, amezaliwa hospitali moja na mimi, na yeye anaulizwa chifu wako ni nani, babu yako alizikwa wapi, mbona kitambulisho ni kipya. Aprili 2014, maelfu ya Wasomali walipokamatwa Nairobi na wengine kuzuiliwa uwanja wa Kasarani, mimi nilipita Eastleigh siku hiyo hiyo nikiwa na begi kubwa mgongoni na hakuna aliyenigusa. Jina moja, barabara moja. Ukielekea juu linaweza kukuua, ukielekea chini linakupitisha. Na hakuna upande hata mmoja ambapo mtu alitaka kujua kama kweli naamini.

Ndiyo maana huwa nasita rafiki zangu wanaposema, "Mimi sina dini, bana." Sawa. Lakini ni nani amekuambia una ruhusa ya kuamua?

Serikali yenyewe inaonekana haina uhakika. Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya 922,128 wasio na dini. Sensa ya 2019 ikahesabu 755,750, wakiwemo wanaojiita wasioamini Mungu. Yaani katika miaka kumi ambayo kila mtu wa rika langu alikuwa akitangaza mtandaoni kwamba kanisa limemshinda, wasio na dini walipungua, na Wakristo wakawa zaidi ya asilimia 85 ya nchi. Mimi nina nadharia yangu. Karani wa sensa alipokuja kwetu, mwenye nyumba alijibu kwa niaba ya wote tuliokuwemo, jinsi baba anavyojibu kwa niaba ya familia. "Hawa? Wakristo." Hakuna aliyetoka chumbani kubishana. Ukienda kutafuta kazi unaandika Mkristo, ukilazwa hospitali unaandika Mkristo. Kuna chama cha wasioamini Mungu kilichosajiliwa mwaka 2016, usajili wake ukasimamishwa mwaka huo huo, na mwaka 2021 katibu wake akajiuzulu akisema amempata Yesu. Twitter ilicheka wiki nzima. Mimi nilimwonea huruma kidogo. Nairobi ni mji mgumu kuutembea bila kuwa na mahali pa kwenda Jumapili.

Sababu za kuondoka zipo, sizipuuzi. Aprili 2023 tulianza kuona miili ikifukuliwa Shakahola, na ikafika zaidi ya 400, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe. Juni 2024 vijana waliingia barabarani na wengine hawakurudi nyumbani, na Jumapili iliyofuata kulikuwa na wanasiasa wamekaa viti vya mbele kanisani kama kawaida, bahasha mfukoni. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza pesa ambazo Rais Ruto alitoa katika kanisa la Soweto, Kayole, zirudishwe. Wengi wa rika langu tulishangilia. Lakini sikuona mtu yeyote akirudi ibadani kwa sababu hiyo. Kabla ya hapo kulikuwa na korona: Machi 2020 milango ikafungwa, Julai ikafunguliwa kwa masharti, watu wasiozidi 100, saa moja tu. Wengi walipozoea kumsikiliza mchungaji wakiwa na chai mkononi, wakakuta hawahitaji kuvaa viatu tena. Nilipomweleza Mama hiyo sheria ya watu 100 alicheka mpaka akakohoa. "Watu mia? Tukipata mia tunachinja."

Pasaka nikaenda.

Jumapili ya Pasaka tulikuwa 31, nilihesabu, na saba kati yetu walikuwa askari. Langoni kulikuwa na polisi wawili wenye bunduki. Mmoja alikuwa Mwislamu. Mwenzake akamwachia lindo akaingia kusikiliza mahubiri, akaketi karibu na mlango bunduki ikiwa kati ya magoti, na alipotaka kupiga makofi wakati wa wimbo ikabidi aibane kwa mapaja. Ndivyo kanisa lilivyo sasa. Ni kanisa la watu wa uhamisho. Askari anakuja, anaimba besi vizuri, mnamzoea, anapelekwa Lamu. Muuguzi anakuja, anafundisha shule ya Jumapili, anaolewa Embu. Mwenye kukaa ni Mama, wazee wawili, fundi wa magari na familia yake, na mama wa mboga ambaye huwa anasinzia. Majoho ya zambarau yamo ndani ya sanduku la bati. Mama alivaa moja peke yake, akasimama mbele, akaanzisha wimbo kwa ufunguo wa juu mno kama kawaida yake, na sisi wengine tukamfuata tukihangaika.

Niliimba. Maneno nayajua yote. Sitaki kuigeuza hiyo kuwa kitu kikubwa. Mtu anaweza kuimba wimbo wa taifa pia.

Jioni jirani yetu akaja kuchukua sare za wajukuu. Ni mama mzee wa Kisomali, tangu utotoni tunamwita Hoyo tu, na ndiye aliyenibeba mgongoni nilipoumwa na nge mwaka ambao Baba alikuwa safarini. Alinikuta uani nikinywa shaah. Sijui Mama alikuwa amemwambia nini.

"Warya," akasema, "nasikia huko Nairobi huendi kanisani."

"Siendi sana, Hoyo."

"Siendi sana ni nini? Umekuwa Mwislamu?"

"Hapana."

"Sasa umekuwa nini?"

Nikajaribu kumweleza. Kiswahili changu ni kizuri, natafutia riziki kwa kuandika, lakini mbele ya Hoyo nilikosa neno ambalo halikusikika kama tusi. Alinisikiliza, akakunja sare zake, akageuka kwa Mama. "Huyu mtoto ana ugonjwa wa kukaa peke yake," akamwambia. Kisha kwangu: "Nenda kanisani. Mtu lazima awe na mahali watu wanamtafuta akipotea."

Mimi nilitarajia nikiwa na shida na mtu yeyote Garissa kuhusu dini, itakuwa kwa sababu ni Mkristo. Kumbe Ukristo wangu ulikuwa sawa kwa Hoyo, ulikuwa na nafasi yake, kama Desemba. Ambacho hakikuwa na nafasi ni mimi wa sasa.

Nilimsimulia rafiki yangu wa utotoni, yule wa kitambulisho, tulipokutana Eastleigh wiki mbili baadaye. Alicheka sana, halafu akaacha kucheka. Alikoroga chai yake muda mrefu. "Wewe una bahati," akaniambia. "Wewe ukiacha unakosa Jumapili. Mimi nikiacha nakosa mama yangu, nyumba, na mtu wa kunizika." Sikujua. Tumejuana miaka 25 na sikujua. Nilimwomba ruhusa ya kuandika sentensi hiyo. Akakubali mradi nisiseme anafanya kazi gani. Tukaongea habari za mpira.

Nimekumbuka pia watu wengi husahau kwamba Kaskazini Mashariki kuna Wakristo ambao hawakuhesabiwa kwa benchi kabisa. Annalena Tonelli alikuwa Mwitaliano, si mtawa, mwanamke tu aliyekuja Wajir miaka ya 1970 akifundisha, akaanza kuwatibu wahamaji waliokuwa na kifua kikuu. Aliwakalisha kwenye manyatta karibu na mji miezi yote ya dawa, wakiwa na familia zao, ili wasikatize matibabu. Mauaji ya Wagalla yalipotokea Februari 1984, alikusanya majeruhi na miili na kuhakikisha dunia inajua. Akauawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003. Hakuacha nyuma yake kanisa lenye washirika. Na mwaka 2015, Desemba, basi la Mandera liliposimamishwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo, wengine wakawafunika kwa hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwatetea na akafa mwezi uliofuata. Filamu ya *Watu Wote* imetokana na siku hiyo. Yeye naye ungemwandika kwenye daftari la nani?

Lakini mzee wa kanisa hakuwa na swali la kifalsafa. Alikuwa na kalamu ya buluu na safu tatu.

Usiku wa Pasaka, kabla sijaenda kumwona, nilimwambia Mama.

"Mimi siendi kanisa lolote, Mama. Si kwamba nimehamia lingine."

"Najua. Unadhani nilikuzaa jana?"

"Sasa mbona ulimpa mzee namba yangu?"

Alikuwa akitia uzi kwenye sindano, taa ikiwa karibu na uso, na hakujibu mpaka uzi ulipopita. "Kila mwezi naweka shilingi mia kwa bahasha yenye jina lako. Tangu mwaka ule uliacha kuniambia mahubiri yalikuwa kuhusu nini. Hapa hatuhesabu imani, mwanangu, imani ni ya Mungu kuhesabu. Tunahesabu vichwa. Tukiwa wachache mno hawatatuletea mtu wa kutuzika."

Hoyo alikuwa amesema hivyo hivyo mchana, kwa lugha yake. Sikumwambia.

Asubuhi nikaenda kwa mzee. Alikuwa amevaa koti kwenye joto lile, daftari limefunguliwa mezani. Nikamweleza kama nilivyomweleza Mama, na nikaongeza kwamba sijui tena kama naamini. Akanyamaza. Hakukasirika. Akageuza daftari nilione.

"Hiyo haina safu," akasema. "Nina Yupo, nina Amehama, nina Amelala. Nikuandike Amehama?"

"Nimehamia wapi, mzee?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe."

Tulikaa hapo. Kuku wake waliingia wakatoka. Ningeweza kusema Yupo. Asingenipinga, na nafikiri alitaka niseme hivyo. Bahasha zangu zilikuwa zimelipwa. Jina langu lilikuwa mstari wa pili kutoka juu ya ukurasa wa waliobatizwa 2008, kwa mwandiko wa mchungaji ambaye sasa yuko Machakos, na chini yangu majina 16, kati ya hayo 14 yameandikwa Amehama na mawili Amelala. Niliyajua yote. Mmoja alikuwa ananinyang'anya chenji ya sadaka.

"Andika Amehama," nikasema.

Akaandika. Akaniombea, mkono kichwani, kama dakika tano, akimtajia Mungu Nairobi kana kwamba ni hospitali.

Walipata 33. Kichwa changu kisingewafikisha 40, nimeshapiga hiyo hesabu zaidi ya mara moja, na najua kila mmoja wa wale saba waliokosekana anaweza kupiga hesabu hiyo hiyo na kupata jibu hilo hilo. Tangu Julai mchungaji anakuja kila Jumapili ya pili. Jumapili zile nyingine wanajiendesha. Mama anasoma somo, fundi wa magari anaomba, askari mmoja kutoka Busia anapiga gitaa mpaka hapo atakapohamishwa.

Mama hakunisema. Bahasha sijui, sijauliza. Mwezi uliopita akanipigia, akasema vitabu vya tenzi vimechakaa, kurasa zinadondoka, na huko saiba hawana karatasi nzuri. Kama naweza, nimpigie chapa nyimbo 12 alizozichagua, nimtumie kwa basi. Alinitajia namba zake, nikaziandika, na maneno sikuhitaji kuyatafuta, niliyachapa kutoka kichwani usiku mmoja.

"Nitoe nakala ngapi?" nikamuuliza.

"25 zinatosha."

Nikatoa 40.